Mgongo wa Esteri

Kazi iliyomleta Maximilla mjini Kasulu haikuwa na jina la Kiswahili, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake la kwanza. Kule chuo cha ufundi Dar es Salaam waliiita kwa Kizungu kirefu kinachochosha ulimi. Siku moja mwalimu wao alijaribu kuitafsiri, akaandika ubaoni "utegemevu wa mitambo", akalitazama neno lenyewe, akacheka peke yake, akalifuta. Basi Maximilla akamaliza chuo na cheti safi mkononi, akapangiwa kazi mwaka wa sabini na sita katika kiwanda cha ushirika cha mawese na sabuni, na siku ya kwanza tu akaulizwa amekuja kufanya nini.

Aliyeuliza alikuwa Tharsisi, mkuu wa mafundi, kijana mwenye mabega mapana na masikio yaliyosimama wima kana kwamba yanasubiri habari.

"Wewe ni fundi, dada?"

"Ni fundi, kaka."

"Mashine ikivunjika utaitengeneza?"

"Hapana. Ikivunjika utaitengeneza wewe. Mimi kazi yangu ni isivunjike."

Tharsisi akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, akiyapima maneno hayo. "Kwa hiyo siku ikivunjika, kazi ni yangu."

"Ndiyo."

"Na siku isipovunjika, kazi ni yako."

"Ndiyo."

"Sasa siku isipovunjika, mtu akikutafuta atakukuta unafanya nini?"

Mafundi wenzake, Sylvesta na Kipriani, walicheka hadi wakashikana mabega. Maximilla naye akacheka, maana hakuwa msichana wa kununanuna. Lakini moyoni swali lile lilimkaa vibaya, kwa kuwa hata yeye hakuwa na jibu lake fupi.

Nisiwafiche, Tharsisi alikuwa na haki ya kujisikia. Kiwanda kile kilikuwa kinaharibika kama mtu anayekohoa: ukidhani amemaliza, anaanza tena. Leo mkanda umekatika, kesho mota imeungua, na mtambo wa kukamulia ndio usiseme. Kila ulipokufa, gari la kiwanda lilikwenda kupiga honi mlangoni kwa Tharsisi, iwe jua linawaka au watu wamelala, naye alitoka na spana zake akaufufua. Ukishanguruma tena, watu walimpigia makofi, meneja akamwita shujaa mbele ya wote, na pombe ya ndizi ikapatikana bila mtu kuuliza imetoka wapi. Nani katika dunia hii angempigia makofi mtu kwa mkanda ambao haukukatika?

Meneja mwenyewe, Isihaka, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Ujiji, na alilelewa dukani. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa tu mtu wa macho: kitu akikiona anakiamini, asipokiona hakipo. Alimpokea Maximilla vizuri, akampa meza, akamwambia, "Ndugu Maximilla, hapa tunataka matunda ya kazi. Nikiyaona, utabaki. Nisipoyaona, ofisi ya wilaya Kibondo wanatafuta karani wa kupiga chapa, na wameniambia wewe ni mtu wa huko."

Mtu wa huko alikuwa kweli. Alizaliwa Mabamba, mpakani kabisa, na baba yake, mzee Makarius, alikuwa ameshalitangazia soko zima kwamba binti yake ni injinia. Maximilla hakuwa na neno na makarani. Ila yeye tangu utotoni alipokuwa akisikia kitu kinazunguka, alitaka kujua kinazungukaje na kwa nini siku moja kikome. Kukaa mchana kutwa anapiga chapa barua za watu wengine kungemuua, na alijua hivyo.

Basi akaanza kazi kwa kasi aliyotoka nayo Dar es Salaam. Kila asubuhi alipita kwenye mitambo yote, mbio mbio, akiwauliza waendeshaji, "Mashine ikoje?" Wakamjibu, "Nzuri." Anaweka alama, anakwenda kwa mwingine. "Mashine ikoje?" "Nzuri." Kiwanda kizima kilikuwa kizuri. Kisha kabla ya saa sita, kitu kinapasuka, Tharsisi anaitwa, makofi yanapigwa.

Siku moja baada ya mkanda wa mtambo wa kukamulia kukatika mbele ya macho yake, alimfuata mwendeshaji wake, Mama Esteri. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo aliyevuka na watoto wake kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akapata shamba upande wa Titye, na kiwandani alikuwa hodari kuliko wanaume wengi.

"Mama Esteri, asubuhi uliniambia mashine ni nzuri."

"Ego, nilikuambia."

"Na mkanda ulikuwa mzima?"

"Mkanda ulikuwa unatoa nyuzi tangu juzi."

Maximilla akashika kiuno. "Sasa mbona hukuniambia, mama?"

Esteri akamtazama kwa huruma ya kweli, kama unavyomtazama mtoto aliyevaa shati nje ndani. "Mwanangu, wewe uliniuliza umesimama. Mtu akikuuliza habari amesimama, na mguu mmoja umeshaondoka, unamjibu nzuri aende zake salama. Kwenu Mabamba watu wanaamkiana hivyo?"

Hapo Maximilla aliona haya mpaka shingoni. Kwao Mabamba watu hawaamkiani hivyo hata siku moja. Kwao unaanza kwa "mwakeye", unapiga makofi taratibu, unauliza umeamkaje, nyumba imeamkaje, watoto, mbuzi, shamba, jirani, na vyote vinajibiwa kwamba ni vizuri. Halafu mnanyamaza kidogo. Halafu ndipo mtu anasema "ila", na baada ya "ila" ndipo habari yenyewe inapoanza: ila mtoto ana homa, ila mbuzi mmoja hakurudi. Alikuwa amelijua jambo hilo kabla hajajua kusoma. Miaka ya chuo tu ndiyo iliyomsahaulisha, akawa anakusanya salamu akidhani anakusanya habari.

Kuanzia kesho yake alibadilika. Alichukua debe tupu, akaligeuza, akaketi. Alimwamkia kila mwendeshaji kama mkwe, akauliza ya nyumbani yote, akanyamaza, akasubiri. Na "ila" zikaanza kuja. Nzuri, ila leo inanung'unika. Nzuri, ila jana ilinitemea mafuta. Nzuri, ila nikiigusa hapa ubavuni inanichoma mkono. Zikishatoka, Maximilla aliinuka, akaweka ncha ya bisibisi kwenye beringi na mpini wake sikioni, akasikiliza kwa elimu yake yote. Mara nyingi aliujua ugonjwa palepale. Alibadilisha mkanda kabla haujakatika, akatia grisi kabla beringi haijalia, na mambo yakaanza kutulia.

Tatizo ni kwamba dirisha la meneja lilitazama huko huko. Isihaka akiinua macho kutoka mezani kwake, anamwona mtaalamu wake ameketi juu ya debe anapiga soga na akina mama. Akiinua tena, yuko debe jingine, soga nyingine.

"Ndugu Maximilla," alimwambia siku moja mlangoni, "ulikuja kukaa au ulikuja kufanya kazi?"

"Nafanya kazi, ndugu meneja."

"Mbona unaifanya umekaa?"

Ndipo likaja lile la mgongo. Waendeshaji pale walikuwa na kawaida ya kuuita mtambo kwa viungo vya mtu. Panapoingia chikichi ni mdomo, panapokamuliwa ni tumbo, na kule nyuma penye mhimili mkubwa ni mgongo. Asubuhi moja ya mvua za masika, Maximilla alimaliza salamu zote na Esteri, akanyamaza, akasubiri.

"Nzuri," alisema Esteri. "Ila mgongo unauma sana."

Maximilla aliruka. Mgongo ndio penye mhimili, na mhimili ukivunjika kipuri chake kinatoka Dar es Salaam kwa treni hadi Kigoma, na treni za wakati huo mnazijua. Akauzima mtambo. Akawaita Tharsisi, Sylvesta na Kipriani, wakafungua mgongo wote, bolti baada ya bolti, huku magari ya chikichi yakipanga foleni nje na madereva wakilalamika. Wakautoa mhimili, wakaupangusa, wakautazama mbele na nyuma. Haukuwa na ufa. Maximilla akapiga magoti, akapapasa kila mahali, jasho linamtoka.

Mpaka jua likawa limepinda. Esteri, aliyekuwa amekwenda kujinyoosha ghalani, akarudi ameshika kiuno, akakuta mashine yake imetandazwa sakafuni vipande vipande.

"Sha, imekuwaje tena?"

"Si ulisema mgongo unauma?"

"Mgongo wangu," alisema Esteri. "Mgongo wangu mimi."

Kicheko kilichopigwa siku ile kilisikika, nadhani, hadi sokoni. Kipriani alilala chini kabisa. Maximilla alitamani sakafu imfungukie. Na Isihaka, aliyekuwa amesimama nyuma yao kwa muda bila kuonekana, hakucheka.

"Mwisho wa mwaka," alimwambia. "Mwisho wa mwaka nikiwa bado sijaona unachokifanya, unakwenda Kibondo. Na sitaki kusikia mashine imezimwa tena kwa sababu ya mgongo wa mtu."

Jioni hiyo Maximilla hakula. Alikaa chumbani kwake akilia kidogo na kujicheka kidogo, kwa zamu. Lakini alikuwa na akili ya kung'ang'ania, na katikati ya kulia ikamjia: kwa nini mgongo wa Esteri unauma? Mama yule alikuwa na nguvu za kubeba gunia la mihogo kutoka Titye bila kulitua.

Kesho yake, mtambo ukiwa umeshafungwa, alimwomba Esteri ampishe, akaushika mwenyewe mpini wa kuunganishia, ule unaovutwa kila mtambo unapolishwa chikichi mpya. Akauvuta. Ulikuwa mzito kama mlango uliovimba kwa maji.

"Umekuwa hivi siku zote?"

"Siku zote hapana. Umekuwa unaongezeka uzito tangu mvua zianze. Nikadhani ni mimi ninazeeka."

Hapo Maximilla akaacha kuutazama mhimili, akautazama mtambo wote tangu juu hadi chini, kama mtu anayemtazama ng'ombe anayechechemea. Mpini ulikuwa mzito kwa sababu mhimili ulikuwa unazunguka umekaa upande kidogo mahali pake. Mhimili ulikaa upande kwa sababu mguu mmoja wa mtambo ulikuwa umezama sakafuni, kiasi cha kidole. Mguu ulizama kwa sababu sakafu pale ilikuwa imelainika. Akainua macho. Juu ya mguu ule, kwenye ukingo wa paa, maji ya mvua yalikuwa yakidondoka ndo, ndo, ndo, nje ya ukuta, yakinywewa na msingi. Paa halikuwa na mfereji. Halijawahi kuwa nao tangu kiwanda kijengwe, na kila masika mtambo ulivunjika, na kila masika Tharsisi aliufufua akapigiwa makofi.

Alimweleza Tharsisi yote, hatua kwa hatua. Tharsisi hakucheka mara hii. Alichutama, akapitisha kidole kando ya ule mguu uliozama.

"Mihimili yote niliyobadilisha hapa," alisema, "nilikuwa nakilaani kiwanda kilichoitengeneza."

Wakauinua mguu, wakaupa kitako cha chuma na zege jipya. Kisha Maximilla akapanda ngazi mwenyewe, mbele ya kiwanda kizima, akafunga mfereji wa bati ukingoni mwa paa. Madereva wa chikichi walimtazama kutoka chini. Habari zikaenea mjini kwamba yule binti wa Mabamba alisomea Dar es Salaam kufunga mifereji ya mvua. Zilifika hata Kibondo, na mzee Makarius alikoma kwa muda kulisema lile neno injinia sokoni.

Toka hapo, nini kilitokea? Hakikutokea kitu. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe, na ndiyo shida yake. Mpini wa Esteri ukawa mwepesi, mgongo wake ukapona. Masika yakaisha, kiangazi kikaja, vuli ikaanza. Mikanda ilibadilishwa ikingali mizima. Gari la kiwanda halikupiga honi usiku, spana za mafundi zikaanza kupata kutu, na watu wakasahau kabisa kwamba mashine huwa zinaharibika. Hakuna makofi yaliyopigwa, na hakuna aliyeitwa shujaa.

Mwisho wa mwaka Isihaka alimwita ofisini, akamkalisha kwenye kiti. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomtisha Maximilla.

"Nisikilize," alisema. "Sikatai kwamba unafanya kazi. Nasema siioni. Wakubwa wa mkoa wakija wakaniuliza huyu dada analipwa kwa nini, niwaonyeshe kitu gani? Niwaonyeshe mashine ambayo haikuvunjika? Nitajuaje kama haikuvunjika kwa sababu yako, au ingekaa hivyo hivyo hata usingekuwepo? Huenda ni bahati tu."

Maximilla alikuwa na majibu ya chuoni, yenye michoro na mahesabu, lakini alijua kwamba mtu wa macho hayamwingii. Aliona meza ya Kibondo mbele yake, na mashine ya kupiga chapa juu yake.

"Basi, ndugu meneja," alisema, akaanza kuinuka kitini.

Mlango ukabishwa. Kabla hodi haijaitikiwa, akaingia Rosa, mke wa Tharsisi, amejitanda kitenge kipana mabegani.

"Shikamoo, ndugu meneja."

"Marahaba, mama. Nina mazungumzo kidogo, ungesubiri—"

"Nimesikia huyu binti anarudishwa Kibondo."

Isihaka akageuza macho kumwangalia Maximilla, naye akatikisa kichwa kwamba si yeye aliyesema. "Nani amekuambia?"

"Kasulu yote."

"Hayo ni mambo ya kiwanda, mama."

"Na usiku wangu ulikuwa mambo ya kiwanda vilevile," alisema Rosa, naye hakupandisha sauti. "Tangu niolewe, gari lenu linapiga honi mlangoni kwangu. Nikipakua, mnamchukua. Tukilala, mnamchukua. Akirudi alfajiri ananuka grisi, analala na viatu, hata jina langu halikumbuki. Mama mkwe alianza kunipa majina ya waganga. Nikamwambia, mama, dawa yangu naijua, iko kiwandani chini ya mashine."

Maximilla aliyainamisha macho sakafuni, akauma midomo.

"Tangu masika," aliendelea Rosa, "mume wangu analala nyumbani. Kila siku. Anakula chakula cha moto. Tunazungumza. Wanasema wewe unataka kuona kazi ya huyu binti." Akakishusha kile kitenge, akageuka ubavu, taratibu, ili meneja aone vizuri. "Basi, ndugu meneja, tazama."

Isihaka alitazama. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Tumbo lilikuwa limetangulia mbele, la mviringo, lisilo na shaka.

"Hongera, mama," alisema, akikohoa. "Lakini mtu mmoja—"

"Mke wa Sylvesta yuko nje. Mke wa Kipriani yuko nje. Walikuwa wanaona haya kuingia."

Isihaka akainuka, akaenda dirishani, dirisha lile lile alilozoea kumwonea Maximilla juu ya debe. Chini ya upenu walisimama wanawake wawili, bega kwa bega, kila mmoja ameshika kiuno na amejitanguliza mbele. Wakamwona, wakapiga goti kidogo kumwamkia.

Alianza kucheka kimya, mabega yakitikisika, kisha akacheka kwa sauti, akaegemea ukuta, kofia yake ikaanguka na hakuiokota. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa kanzu. Maximilla naye alishindwa, akacheka akilia, na safari hii kilio kilikuwa cha furaha tupu.

"Sasa wakubwa wa mkoa nitawaambia nini?" aliuliza Isihaka alipopata pumzi. "Nitawaambia ushahidi uko wapi?"

"Waalike kwenye ubatizo," alisema Rosa, akajitanda kitenge chake, akatoka.

Isihaka aliokota kofia, akaivaa, akakaa. Alipoongea tena hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Ndugu Maximilla, nilikuwa nimekosea mahali pa kutazama. Rudi kazini. Na mwakani ukipata mtu wa kumfundisha kazi hii, nitampa nafasi."

Maximilla alitoka nje, akasimama uani kwenye jua kidogo ili apate kuamini. Nyuma ya mapipa ya mawese alimkuta Tharsisi amejificha, masikio yakimwaka kwa aibu, maana kiwanda kizima kilikuwa kimeshajua mkewe ameingia ofisini kusema nini, na Kipriani alikuwa anapita akimwita baba kijacho.

"Umebaki?" aliuliza Tharsisi bila kumtazama.

"Nimebaki, kaka."

"Afadhali." Akajikuna shingo. "Maana mimi usiku huku sirudi tena."